Anayeangalia Mbele

Bosi alipokuja mwenyewe hadi nyumbani, mke wa Darubini alijua kuna jambo. Mtu mwenye simu mbili na gari la kazi hakatizi vichochoro kwa miguu, akiruka mitaro ya maji machafu, eti kumjulia hali mfuata nyayo wake. Siku zote alimtuma dereva, dereva akapiga honi barabarani, na Darubini akatoka mbio huku akifunga mkanda. Safari hii Bosi alibisha hodi, akavua kofia, akakaa kwenye kiti chenye mto, ambacho kilikuwa kimoja tu nyumba nzima, na chai ya rangi aliyopewa akaisifu kana kwamba hajawahi kuonja chai.

Kazi ya Bosi ilikuwa kupeleka wageni porini kuwinda. Alikuwa na leseni, na kitalu cha kuwindia alichokodi, na kambi ya mahema, na bunduki. Mgeni alilipia safari, Bosi akamhakikishia mnyama, na huyo mnyama alitafutwa na watu wawili waliotangulia mbele ya wote: Darubini na mdogo wake wa tumbo moja, waliyemwita Kicheko. Kazi yao iligawanywa, na mgawanyo wake aliujua kila mtu katika nyumba ile, hata watoto waliokuwa wakiucheza uani. Wa kwanza huangalia chini, anasoma nyayo na damu. Wa pili haangalii chini hata kidogo. Huyo anaangalia mbele na pembeni, kwenye vichaka, kwa sababu nyati akijeruhiwa hakimbii tu akaenda zake. Huzunguka, akarudi kando ya njia aliyopita mwenyewe, akasimama humo majanini kuwasubiri wanaomfuata.

Darubini alikuwa wa kwanza tangu ujana wake. Jina alipewa na wageni wa zamani, baada ya kuona tone la damu kwenye jani kavu mahali ambapo wenzake waliona jani kavu tu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwa mama yake, na mama yake alikwisha kufa.

Bosi alieleza shida yake taratibu. Kuna mgeni amepiga simu, tajiri wa viwanda vya mabati, aliwahi kuja zamani. Ameulizia kampuni nyingi, zote zinamtaka, ila yeye anamtaka mtu aliyempatia nyati siku ile ya mvua. Bila Darubini haji. Na akija huyu, nyuma yake wapo marafiki zake, na msimu uliopita kila mtu anajua ulivyokuwa, mahema yalikaa mpaka yakaota ukungu. Bosi alisema haya akiangalia ndani ya kikombe. Kisha akachomoa picha mfukoni.

"Huyu hapa. Unamkumbuka, mzee?"

Darubini aliipokea. Mbele yake palikuwa na moshi, na ndani ya moshi doa jeusi, kama alivyokuwa akiona vitu vyote siku hizo. Aliishika picha mbali, akaishika karibu, akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka mengi. Mkewe aliinama juu ya bega lake upesi, birika bado mkononi.

"Si yule mwenye ndevu, aliyekuwa anakula machungwa na maganda yake?"

Bosi alicheka, na Darubini naye akacheka, na mambo yakaonekana yamepita salama. Lakini Bosi alipochukua picha yake aliitazama, akaigeuza, kwa sababu ilikuwa imeshikwa kichwa chini miguu juu. Aliirudisha mfukoni, akauliza macho yanaendeleaje, akajibiwa kwamba yanaona yanachotakiwa kuona. Akaridhika, au alitaka kuridhika. Mtu ambaye mahema yake yameota ukungu huridhika haraka.

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa hospitali ya wilaya alimwambia zamani kwamba si ugonjwa wa kuogopa, atapasuliwa, atapumzika, atakaa mbali na jua na vumbi mpaka apone, na ataona tena. Darubini akasema atakuja msimu ukiisha. Msimu ukaisha, ukafuata mwingine, naye bado hajaenda. Si kwamba alikuwa mjinga. Kupumzika katika kazi ile maana yake ni mtu mwingine kushika fimbo yako ya kufuatia nyayo, na mtu akishaishika haitoi. Halafu kulikuwa na hilo jina. Mtu unaitwa Darubini na watoto wa mtaa mzima, unaanzaje kusimama na kusema huoni?

*

Jioni Kicheko alikuja kula, maana waliishi ua mmoja, yeye na mkewe fundi cherehani na watoto wao wawili, ukuta kwa ukuta na kaka yake. Mke wa Darubini hakusubiri hata sahani zitolewe. Alisema mbele ya wote wawili kwamba mambo yamefika shingoni, kwamba mume wake asubuhi amemsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni jirani, na kwamba Bosi aambiwe ukweli kabla watu hawajaumia. Fundi cherehani hakuwepo. Alikuwa dukani anamalizia sare za shule.

Darubini alichambua chakula kwa vidole.

"Nikisema sioni," alisema, "kesho naamka kama nani?"

Kicheko ndiye aliyelipata jibu, na alilipata akicheka, kama alivyopata mambo yake yote. Alisema mbona rahisi. Yeye atatembea bega kwa bega na kaka, si nyuma yake kama zamani. Akiona damu ataigusa kwa ncha ya fimbo yake, na kaka ataifuata ile ncha, atainama, atagusa majani, atanusa vidole vyake kwa zile mbwembwe wageni wanazozipenda. Nani atajua? Kichwa kitakuwa cha kaka, maana kaka anajua nyati anawaza nini, na macho yatakuwa yake yeye. Ukiwajumlisha unapata mtu mzima mmoja, na kampuni inalipa wawili.

"Na mbele ataangalia nani?" mke wa Darubini aliuliza.

"Shemeji, Mungu kanipa macho mawili. Moja litaangalia chini, moja mbele."

Alikodoa macho, moja juu moja chini, mpaka watoto wakagaragara kwa kicheko, na hata mke wa Darubini akashindwa kujizuia. Swali lake likapotelea humo ndani ya vicheko. Baadaye alijilaumu kwamba hakuliuliza mara ya pili, lakini ukweli ni kwamba naye alilitaka jibu rahisi. Alikuwa amechoka kuogopa.

Walifanya mazoezi kwenye uwanja wa nyuma ya soko, Kicheko akidondosha matone ya maji ya rangi kwenye majani, Darubini akifuata. Ncha ya fimbo ilimsumbua, kwa sababu ilikuwa na rangi moja na nyasi. Kicheko akaipeleka kwa mkewe dukani, akamwomba aishonee kitambaa cheupe kwenye ncha, kikazwe, kisilegee. Fundi alimuuliza cha nini. Alijibiwa ni cha kufukuzia nzi. Fundi alimwambia mume wake kwamba ana akili za kuku, akakishona, akapitisha uzi mara mbili kwa sababu hakuwahi kufanya kazi ya kulipua, hata ya mzaha.

*

Mgeni alikuja na ndevu zake, sasa zote nyeupe, akamkumbatia Darubini mbele ya wafanyakazi wote wa kambi. Alisema kwa lugha yake, na Bosi akatafsiri, kwamba ameambia watu wa kwao habari za mzee huyu anayeona kuliko tai. Wapishi walipiga makofi. Darubini aliangalia kule sauti ilikotoka, akatabasamu.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Ncha nyeupe ilicheza mbele ya moshi wa macho yake na yeye akaifuata, akainama, akanusa. Mambo mengine hakuhitaji kuonyeshwa. Alijua kinyesi kibichi kwa kukigusa, alijua nyasi zilizokanyagwa asubuhi kwa jinsi zilivyopinda chini ya kiganja. Kicheko alimnong'oneza kwamba kama mambo ni haya, na yeye aende akapofuke, apate sifa. Darubini alimpiga kofi la mgongo. Walilala hema moja, na kabla ya kulala Kicheko alimsimulia kaka yake nyota zilivyokaa, maana kaka alikuwa hazioni tena na hakuwahi kuomba asimuliwe.

Kisha mgeni alipiga risasi yake, na ikaenda vibaya. Ilimpata nyati nyuma sana, tumboni, na nyati akaingia kwenye vichaka vizito kando ya korongo. Kwa sheria ya kazi yao mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Hata kama mgeni amelowa jasho na anataka kurudi kambini, mnyama atafuatwa. Bosi alingoja kidogo, akakagua risasi zake, akamwambia mgeni abaki nyuma yake, akawaashiria ndugu wawili watangulie.

Damu ilikuwa chache, tena imechanganyika na uchafu wa tumbo, na jua lilikuwa limeikausha. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja mwenye macho mazuri kutazama chini bila kupepesa, na Kicheko ndivyo alivyofanya. Ncha nyeupe ikagusa hapa, ikasita, ikatafuta, ikagusa pale. Darubini akaifuata. Hapakuwa na mzaha tena, alisikia pumzi za mdogo wake zikitoka kwa pua, nzito, za mtu aliyezama kwenye kazi. Nyuma yao Bosi alitembea na bunduki yake, akiwa na amani ya mtu anayejua kwamba mbele kuna mmoja anayesoma ardhi na mmoja anayelinda. Hakujua kwamba wote wawili walikuwa wanasoma.

Darubini alimnusa kabla. Harufu ilikuja kutoka kulia, ya jasho la mnyama na damu, karibu sana, na nyayo zilikuwa bado zinakwenda mbele. Akili yake ilielewa mara moja: amezunguka, amerudi, yuko kando yetu. Aliinua mkono. Kama Kicheko angekuwa anaangalia mbele angeuona ule mkono, na angekiona kichaka kikitikisika. Alikuwa ameinama, fimbo kwenye jani, akitafuta tone.

Kitu cheusi kilipita mbele ya moshi. Darubini alisukumwa na upepo wake tu, akaanguka chali. Alisikia bunduki mara moja, tena mara nyingine, na mgeni akipiga kelele kwa lugha yake, na mti mdogo ukivunjika. Halafu kukawa kimya. Alitambaa kwa magoti akipapasa nyasi, akiita jina la mdogo wake, lile la kuzaliwa. Alikuwa mtu wa mwisho kufika pale alipolala, ingawa ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote.

*

Gari lilikuwa moja, kwa hiyo kichwa cha nyati na mwili wa Kicheko vilirudi pamoja. Bosi alikuwa na utu wa kutosha kuamuru kichwa kifunikwe turubai na kishushwe kwanza kwa mchunaji, nje ya mji, watu wa nyumbani wasikione. Lakini pembe zilitokeza, na mtaa ukaona.

Walimzika kesho yake. Baada ya mazishi watu walirudi wakajaa uani, kwenye viti vya kukodi na mikeka, na Bosi akasimama kusema machache kwa niaba ya kampuni. Alisema kwa uchungu, na uchungu wake haukuwa wa uongo. Alisema marehemu alikuwa kijana hodari, mchangamfu, aliyependwa na kila mtu kambini. Mgeni amelia kama mtoto. Kisha akashusha sauti.

"Lakini kazi yetu haina mchezo. Yeye kazi yake ilikuwa kuangalia mbele. Siku ile aliangalia chini. Tumsamehe, na wenzake wajifunze."

Watu waliguna kwa masikitiko, wakatikisa vichwa. Mjomba mmoja alisema ndiyo hivyo, alikuwa mtu wa masihara sana yule. Baadaye Bosi alimweleza Darubini pembeni kwamba bima nayo itasema hivyohivyo, aliyevunja utaratibu wa kazi familia yake haipati kitu, ila kampuni itawatupia macho watoto kadiri ya uwezo. Darubini aliitikia kwa kichwa. Aliingia chumbani kwake akisema ana homa, akalala akigeukia ukutani, nguo zile zile za mazishini.

Mkewe alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alisema, "Baba, yule mtoto anaitwa mzembe na wewe umelala." Alikaa pale akilia bila sauti, kisha akarudi kwa wageni, kwa sababu chai ilihitajika na vikombe havikutosha.

Kulipoanza kupungua watu, fundi cherehani aliingia chumbani mwa shemeji yake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Darubini alimjua kwa hatua zake. Aliinuka akaketi.

"Pole, shemeji," alisema. Ni yeye aliyesema pole, kwa maana hakuwa na neno lingine kinywani.

"Wameniletea vitu vyake," mjane alisema. "Viatu, blanketi na fimbo. Fimbo ina kitambaa changu. Kimejaa damu kwenye ncha, lakini si damu ya kumwagikiwa. Ni ya kugusagusa. Shemeji, mtu anayeangalia mbele anagusa damu ya chini kwa nini?"

Darubini alishika ukingo wa kitanda.

"Nimekaa na mwanamume yule miaka yote hii akinihubiria mezani. Wa kwanza chini, wa pili mbele. Mpaka watoto wanaimba. Alikuwa na masihara na kila kitu, ila si na hilo. Kwa hiyo kama aliangalia chini, kuna aliyemfanya aangalie chini." Alisogea karibu, akasimama mbele ya dirisha. "Hebu niangalie. Nimevaa nini?"

Mwanga wa dirisha uliumeza mwili wake wote. Darubini alikaza macho mpaka yakatoa machozi. Aliona moshi, na kitu kimesimama ndani ya moshi. Akajibu kama ambavyo mtu yeyote angejibu juu ya mjane siku ya mazishi.

"Nguo nyeusi, shemeji. Za msiba."

Mjane aliuchukua mkono wa shemeji yake, akauweka kifuani pake juu, penye mfuko. Vidole vya Darubini vilikuta kitambaa kigumu cha kazi, na kifungo, na nembo ya kampuni iliyodariziwa kwa uzi.

"Nimevaa shati lake," alisema. "La kijani, la kazini. Nimelivaa tangu walete maiti. Nimesimama nalo kaburini. Mji mzima umelishangaa, mama zangu wamenigombeza nilivue, watoto wanalia wakiniona. Wewe peke yako hukusema kitu. Nikadhani unaniheshimu."

Hapo Darubini alilia. Alisema yote, hospitali, na picha, na mazoezi ya nyuma ya soko, na kitambaa, na mkono alioinua ambao hapakuwa na mtu wa kuuona. Hakujitetea. Mjane alisikiliza akiwa amesimama, na alipomaliza hakumtukana, ingawa Darubini alikuwa akisubiri matusi kama mtu anavyosubiri dawa.

"Twende ukawaambie," alisema. "Bosi bado yupo. Shika bega."

*

Walitoka hivyo, yeye mbele na shati la mume wake, shemeji nyuma akiwa ameshika bega la shati. Watu waliobaki waliacha kuongea. Mke wa Darubini aliweka birika chini. Bosi, aliyekuwa amesimama akiaga, aliwaona, akaelewa kabla ya mtu yeyote.

"Mzee, una homa," alisema. "Kapumzike. Haya tutayaongea ofisini."

Mjane alimsimamisha Darubini katikati ya ua. Darubini alijikaza, akasema kwa sauti.

"Mdogo wangu hakuwa mzembe. Mimi sioni. Sijaona tangu msimu wa juzi. Aliangalia chini badala yangu, ndiyo maana mbele hakukuwa na mtu." Aligeuza uso kutafuta mahali Bosi alipo. "Na wewe ulinipa picha, nikaishika kichwa chini. Mke wangu aliniambia uliigeuza mwenyewe."

Mjomba aliyesema habari za masihara aliangalia mkeka. Bosi alivaa kofia yake, akaivua tena, akasema kwa sauti ndogo kwamba huu si wakati wake, kwamba leseni ile inalisha watu wengi, si yeye peke yake. Kisha akaondoka kwa kichochoro kile kile alichojia, na wakamsikia akikanyaga maji ya mtaro.

Darubini alibaki ameshika bega. Alihisi limeanza kutetemeka, na akadhani labda sasa mjane atalia, na yeye atamfariji, na watalia pamoja.

"Umesema," mjane alimwambia. "Nimesikia. Watoto wake wamesikia. Sasa toa mkono."

Aliutoa. Alisikia hatua zake zikienda, mlango wa upande wa pili ukifungwa, komeo likipita. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, halafu akaushusha, akageuka, akageuka tena, akipapasa kwa mguu mchanga wa ua aliouzoea miaka yote. Mkewe alikuwa ameanza kuja, analia, anapita katikati ya mikeka. Kiti alichokuwa anakitafuta kilikuwa hapo hapo nyuma yake, na kila mtu alikuwa anakiona.